Je, mbio zinaweza kugeuza taa nyekundu kuwa ya kijani?

Jumamosi moja nilikuwa kwenye kiti cha mbele cha teksi, tunatoka Katuba kuelekea mjini Lubumbashi, dereva akapita taa nyekundu bila hata kugusa breki. Polisi wa roulage, yaani wa barabarani, akapiga filimbi, tukasimama. Dereva akateremsha kioo, akatabasamu: “Shefu, mimi niliona kijani.” Shefu hakucheka. Lakini kijana aliyekaa nyuma, daftari la shule mapajani, akaingilia: “Inawezekana, shefu! Ukienda mbio sana, nyekundu inageuka kijani. Kuna video inapita kwenye WhatsApp.”

Kuanzia hapo mpaka mjini teksi haikunyamaza tena. Kijana alishikilia kwamba nyota zote nyekundu zinatukimbia. Mama mmoja mwenye beseni la samaki wakavu akasema vijana wa siku hizi wanakula simu badala ya bukari (ugali). Dereva, aliyekuwa bado analia faranga zilizomtoka, akapata la kujifariji: kama ni hivyo, basi jua la jioni ni jekundu kwa sababu linatuaga. Wakanigeukia mimi, maana walishajua nafundisha fizikia: “Prof, kata kesi.” Tulifika kabla sijamaliza sentensi ya pili.

Makala haya ndiyo sentensi zilizobaki. (Huku kwetu makala ni makaa, yale yanayowaka kwenye mbabula, jiko letu. Nayo yatakuja, subiri.)

Kijana alisema kweli, ila nusu. Mwendo unaweza kubadilisha rangi unayoiona. Hauupaki mwanga rangi njiani, wala hauusukumi uende kasi zaidi. Kinachobadilika ni idadi ya mawimbi yanayolifikia jicho lako kila sekunde. Nusu ya pili, ile ya nyota, ndiyo yenye kosa ambalo hata watu wenye diploma ukutani hulirudia: kudhani kwamba rangi peke yake inatosha kukuambia nani anakuja na nani anaondoka.

Tuwekane sawa kwenye maneno kwanza. Mwanga ni wimbi. Umbali kutoka kilele cha wimbi hadi kilele kinachofuata huitwa urefu wa wimbi, na idadi ya vilele vinavyopita mahali pamoja kwa sekunde moja huitwa masafa ya wimbi. Urefu ukipungua, masafa yanaongezeka. Kwa mwanga urefu huo ni mdogo mno, hivyo hupimwa kwa nanomita: chukua milimita moja, ikate vipande milioni moja, kipande kimoja ndicho nanomita. Taa nyekundu ya barabarani hutoa mawimbi ya nanomita 630 hivi. Kijani ni 515 au karibu na hapo, na urujuani, ule wa ukingo wa upinde wa mvua, ni kama 400. Chini ya hapo kuna ultravioleti, na juu ya nyekundu kuna infraredi, ambayo wanafunzi wangu huiita infraruji kwa sababu wanasoma kwa Kifaransa. Jicho halioni yoyote kati ya hizo mbili, ingawa shavu lako likikaribia mbabula linaijua infraredi vizuri sana.

Na mwendo wa mwanga: kilomita 299,792 kwa sekunde. Tuseme 300,000.

Sasa twende kwenye reli. Simama pale treni inapokata barabara, usubiri ije ikipiga honi. Inapokukaribia, sauti ni ya juu. Ikishakupita, inashuka ghafla na kuwa nzito. Watu wengi husema sauti hupanda na kupanda kadiri treni inavyosogea, lakini masikio yanawadanganya: kinachopanda ni nguvu ya sauti. Noti yenyewe inabaki karibu palepale mpaka treni iko ubavuni mwako, ndipo inaporomoka. Kwa treni ya kilomita 60 kwa saa (najua, najua, tujalie reli ni nzuri) mporomoko huo ni karibu toni nzima, kama mwanakwaya anayeshuka kutoka re hadi do. Mwaka 1845 Mholanzi Buys Ballot aliwapandisha wapiga tarumbeta kwenye treni karibu na Utrecht, akaweka wanamuziki wengine kando ya reli wasikilize noti ikipanda na kushuka. Ilifanya kama ilivyotabiriwa.

Kwa nini inakuwa hivyo? Hapa ndipo video za WhatsApp huruka, na mimi nitakaa.

Chukua barabara ya Kolwezi. Lori la shaba linatoka Kolwezi kuja Lubumbashi, kama kilomita 300, kwa mwendo wa kilomita 60 kwa saa. Kila baada ya saa moja dereva anamtuma kijana wa pikipiki atangulie na barua. Pikipiki zote zinakwenda kilomita 100 kwa saa, hazisimami, hazipunguzi, hata kwenye bariera, vile vizuizi vya barabarani. Hiyo ndiyo raha ya fizikia: kwenye daftari bariera hazipo.

Pikipiki ya kwanza inaondoka. Saa moja baadaye iko kilomita 100 mbele, lakini lori nalo limesogea kilomita 60, na hapo ndipo pikipiki ya pili inapoanzia. Kwa hiyo kati ya pikipiki mbili kuna kilomita 40 tu. Wewe uliyekaa Lubumbashi unapokea barua ya kwanza, na baada ya dakika 24 unapokea ya pili, kisha dakika 24 nyingine, ya tatu. Dereva anatuma barua moja kila saa, wewe unapokea mbili na nusu kila saa. Hakuna pikipiki iliyoongeza mwendo hata kidogo. Zimesongamana tu, kwa kuwa anayezituma anazifuata kwa nyuma.

Weka vilele vya wimbi mahali pa pikipiki, na umepata sauti ya juu ya treni inayokuja. Lori likigeuka na kurudi Kolwezi huku likiendelea kutuma, pikipiki zitaachana na barua zitachelewa, na hiyo ndiyo sauti nzito ya treni inayoondoka.

Sasa geuza mambo. Lori limeegeshwa Kolwezi, bado linatuma pikipiki kila saa, na wewe ndiye unayetoka Lubumbashi kulifuata kwa kilomita 60 kwa saa. Pikipiki zimeachana kwa kilomita 100 kamili, lakini unazipokea njiani: wewe 60, zenyewe 100, mnakaribiana kwa 160. Barua zinakufikia kila baada ya dakika 37 na nusu. Ni mara 1.6, wala si mara 2.5.

Simama hapo kidogo. Mwendo ni uleule wa 60, mnakaribiana vilevile, lakini majibu ni mawili. Tofauti imetoka wapi? Imetoka kwenye barabara. Barabara inajua nani amesimama na nani anatembea. Kwa sauti, barabara hiyo ni hewa.

Mwanga hauna barabara. Wataalamu wa karne ya 19 waliamini inayo, wakaiita etha, na mwaka 1887 Michelson na Morley wakaitafuta kwa vioo kule Cleveland, Marekani. Hawakuona dalili yake. Mwaka 1905 Albert Einstein, aliyekuwa akifanya kazi katika ofisi ya hataza (inayosajili uvumbuzi) mjini Bern, alikubali jambo hilo lilivyo: hakuna barabara, na kila mtu anayeupima mwanga anapata mwendo uleule, awe amesimama au anakimbia. Kama hakuna barabara, hakuna wa kusema ni lori lililotembea au ni wewe. Majibu mawili hayawezi kusimama. Lazima liwe moja.

Lipi? Tuseme sasa pikipiki ni mwanga wenyewe, na lori linakwenda kwa asilimia 60 ya mwendo wa mwanga. Einstein alionyesha kwamba saa inayotembea, ikipimwa na aliyesimama, inakwenda taratibu. Kwa mwendo huo, saa zetu zikihesabu dakika 75, saa ya dereva imehesabu 60. Kwa hiyo dereva anayedhani anatuma barua kila saa, kwetu anatuma kila dakika 75. Zile dakika 24 zilikuwa za dakika 60 kati ya barua na barua. Kwa dakika 75 zinakuwa 30.

Haya, upande wa pili, wewe ndiye unayetembea. Walioko kando ya njia wanasema unakutana na barua kila dakika 37 na nusu. Lakini saa iliyo mkononi mwako ndiyo inayokwenda taratibu sasa, inahesabu 60 pale wao wanapohesabu 75. Dakika zao 37 na nusu kwenye saa yako ni 30.

Thelathini huku, thelathini kule. Nimefundisha hesabu hii kwa miaka, na kila mara namba zinapokutana ubaoni najikuta natabasamu kama mtu aliyeokota hela. Na haikubaki ubaoni: mwaka 1938 Wamarekani Ives na Stilwell waliipima kwa chembe za hidrojeni zinazorushwa kwa kasi, na kile kipande cha ziada kinacholetwa na saa kuchelewa kikaonekana. Kichekesho ni kwamba Ives mwenyewe hakuikubali nadharia ya Einstein. Ilimbidi achapishe matokeo yanayoiunga mkono.

Basi, kwa asilimia 60 ya mwendo wa mwanga mawimbi yanakufikia mara mbili zaidi, na urefu wa kila wimbi unakatwa nusu. Taa ya nanomita 630 inakuwa 315. Hiyo imeshapita kijani, imepita bluu, imepita urujuani, imeingia kwenye ultravioleti. Dereva wetu angekuwa na mwendo huo asingeona kijani. Asingeona taa kabisa. Ili nyekundu ya 630 ianguke barabara kwenye kijani ya 515 anahitaji asilimia 20 ya mwendo wa mwanga, yaani kilomita 60,000 kwa sekunde. Kwa mwendo huo unaizunguka dunia mara moja na nusu kila sekunde. Kutoka Lubumbashi hadi Kinshasa, kilomita kama 1,500 kwa mstari ulionyooka, ungetumia sehemu ya arobaini ya sekunde. Jicho halijamaliza kupepesa, umefika.

Na kwa kilomita 60 kwa saa, mwendo ambao alikuwa nao kweli? Rangi inasogea kwa sehemu moja ya milioni 18. Hata dunia yenyewe, inayotubeba sote kulizunguka jua kwa kilomita 30 kwa sekunde, inasogeza rangi kwa sehemu moja tu ya elfu kumi: 630 inakuwa 629.94. Hakuna jicho la binadamu linaloona tofauti hiyo. Mashine ndizo zinazoiona. Rada ya polisi inapima mwendo wa gari kwa kanuni hiihii ikitumia mawimbi ya redio, na ekografia ya dopla, kipimo cha hospitali, inapima damu inavyokwenda ikitumia sauti.

Mpaka hapa nimesema juu ya taa ya rangi moja, na hilo ndilo limewapoteza wengi, kwa sababu mwanga mwingi tunaouona si wa rangi moja. Ni mchanganyiko. Ndiyo, sasa ni zamu ya mbabula.

Makala mekundu yanatoa infraredi nyingi mno, nyekundu kiasi, njano kidogo, na bluu isiyotosha hata kutajwa. Yakikujia kwa kasi kubwa, mawimbi yote yanasogea kwa pamoja, kama watu kwenye foleni: nyekundu inakwenda kukaa kwenye kiti cha kijani, lakini infraredi iliyokuwa nyuma yake inaingia kwenye kiti cha nyekundu. Viti havibaki vitupu. Kwa hiyo usitegemee kuona makala ya kijani. Kanuni ni rahisi ajabu: mwanga wa kitu chenye moto unabaki mwanga wa kitu chenye moto, ila kinaonekana cha moto zaidi kikija, na cha baridi zaidi kikiondoka.

Tupige hesabu. Makala ya mbabula tuyape kelvini 1,000, yaani kama nyuzi 730 za selsiasi. Yakija kwa asilimia 60 ya mwendo wa mwanga yataonekana kama kitu cha kelvini 2,000, rangi ya mwali wa mshumaa. Sasa chukua jua, ambalo uso wake una kelvini karibu 5,800, lifukuze litukimbie kwa mwendo huohuo. Linaonekana la kelvini 2,900, rangi ya zile balbu za zamani za waya. Jua zima linatoroka kwa kilomita 180,000 kwa sekunde, na bado halijawa jekundu kama taa ya barabarani! Wakati taa ya kijani ya barabarani, ikiondoka kwa mwendo huo, ingekuwa na nanomita 1,030 na kupotea machoni kabisa. Mwendo ni mmoja, lakini taa moja imezimika na nyingine imekuwa ya manjano tu.

Tena rangi haibadiliki peke yake. Mvua ikinyesha wima na wewe ukikimbia, matone yanakupiga usoni, utadhani mvua imehamia mbele yako. Mwanga nao ndivyo: kwa anayekwenda kwa kasi kubwa, nyota za pembeni zinaonekana kusogea mbele yake. Mwingereza James Bradley aliliona jambo hilo katika miaka ya 1720 kwa mwendo wa dunia yetu tu, kidogo sana, lakini lilipimika. Kwenye chombo kinachokwenda kwa asilimia 99 ya mwendo wa mwanga, mbingu karibu zote zingekusanyika mbele, zikiwaka vikali, na nyuma giza.

Turudi kwa kijana na nyota zake nyekundu. Wakati wa kiangazi, kati ya Juni na Agosti, toka nje usiku wa mapema hapa Lubumbashi uangalie juu: utaona nyota moja nyekundu-chungwa, ya kung'aa. Hiyo ni Antares, katika kundi la Nge. Wekundu wake hauhusiani na kukimbia. Uso wake una kelvini 3,500 hivi, baridi kuliko jua. Mama yeyote anayepika anaijua fizikia hii bila kuisomea: makala yakiwa mekundu yaliyofifia, sufuria itachelewa, ukiyapepea yakawa ya chungwa na kuelekea manjano, sasa kuna moto. Wekundu wa nyota ni wa namna hiyohiyo.

Kama bado anabisha, nampa Nyota ya Barnard. Iko umbali wa miaka-nuru 6 hivi (mwaka-nuru ni umbali ambao mwanga huukata kwa mwaka mmoja), na bila darubini huioni. Ni nyekundu. Na inatujia, kwa kilomita 110 hivi kwa kila sekunde. Nyota nyekundu inayokuja! Anayesoma mwendo kwenye rangi angeapa inaondoka.

Sasa tumejuaje kwamba inakuja? Hapa nitaazima kitenge. Nikikupa kitambaa chekundu kitupu, kisicho na ua wala mstari, nikuulize kama kimevutwa, utasemaje? Huna cha kupimia. Lakini nikikupa kitenge chenye maua, na wewe unajua kiwandani maua huachana kwa sentimita kumi, ukipima ukakuta kumi na mbili, umejua kimevutwa na umejua kwa kiasi gani. Rangi ya kitambaa haikuhusika.

Mwanga wa nyota una maua yake. Tupa chumvi kidogo kwenye moto, mwali unawaka njano: ni sodiamu iliyo ndani ya chumvi, na njano yake, ukiitandaza kama upinde wa mvua, ina mistari miwili iliyobanana, nanomita 589.0 na 589.6, popote ulimwenguni. Shaba ina yake, na watu wa Katanga tumeiona: pale wanapochoma nyaya za umeme ili watoe shaba, pembeni mwa moto huchomoza mwali wa kijani. (Msisogelee moshi huo, ni sumu.) Kila elementi, yaani kila dutu ya msingi kama sodiamu au shaba, ina mpangilio wake wa mistari, na hakuna mbili zinazolingana. Mjerumani Fraunhofer alianza kuichora mistari ya giza katika mwanga wa jua mwaka 1814 bila kujua ni nini, na mwaka 1859 Kirchhoff na Bunsen, mjini Heidelberg, wakaiunganisha na elementi. Baada ya hapo nyota ilikuwa kitenge chenye maua. Mistari ya sodiamu ya Nyota ya Barnard ipo kwenye mpangilio uleule wa chumvi ya jikoni, lakini yote imesogea kama sehemu ya tano ya nanomita kuelekea upande wa bluu. Nyota bado ni nyekundu. Maua yake ndiyo yaliyosema kwamba inakuja.

Wanafizikia husema “imesogea kwenye bluu” au “imesogea kwenye nyekundu”, nami nadhani lugha hiyo imewaletea watu matatizo kuliko kitu kingine chochote. Haina maana kwamba kitu kimekuwa cha bluu au chekundu. Ni jina la upande tu, kama kusema gari limeelekea Kasumbalesa, mpakani: halijafika huko, pengine lipo bado hapa Lubumbashi, mtaa wa Kenya, kwenye foleni. Mwaka 1912 Vesto Slipher, kule Arizona, alipima galaksi (kundi kubwa mno la nyota) ya Andromeda akakuta inatujia kwa kilomita 300 kwa sekunde, “imesogea kwenye bluu”. Kusogea huko ni sehemu moja ya elfu. Mstari uliokuwa nanomita 500 umekuwa 499.5. Andromeda haikugeuka bluu kwa ajili hiyo.

Kijana wa teksi asione haya, lakini. Aliyegundua kanuni hii, Christian Doppler wa Austria, alipoitoa mjini Prague mwaka 1842, alifanya kosa lilelile. Alidhani nyota zote kwa asili ni nyeupe, na zile za rangi zinapata rangi zao kwa mwendo. Kanuni yake ilikuwa sahihi, mfano aliouchagua ukawa mbovu. Ilikuwa Mfaransa Fizeau, mwaka 1848, aliyeelekeza watu waiangalie mistari.

Video ile ya kijana ilikuwa imebandikwa picha za darubini ya James Webb, iliyorushwa tarehe 25 Desemba 2021, na hizo zina mkanganyiko wao. Webb huona hasa infraredi. Wanaotengeneza picha hugawa rangi: mawimbi marefu hupewa nyekundu, mafupi hupewa bluu, ili macho yetu yapate kitu cha kuona. Ni kama kuhamisha wimbo uliopigwa kwa noti ambazo mtu hawezi kuzifikia. Na kwa galaksi za mbali sana, nyingine mwanga wake ukiwa umenyooshwa karibu mara 15, usifikirie lori la Kolwezi. Huko barabara yenyewe imerefuka wakati pikipiki ziko njiani: nafasi kati yetu na galaksi imetanuka, na wimbi limetanuka pamoja nayo. Kitenge kimevutwa, ingawa hakuna aliyekimbia nacho.

Jua la jioni ni jambo jepesi. Jioni mwanga wake unakatiza hewa nyingi zaidi kabla ya kutufikia, na hewa hutawanya bluu kuliko nyekundu. Vumbi na moshi wa mwezi wa Agosti vinaongeza chumvi. Jua halikuagi; anga tu limekuchujia.

Juzi nilimkuta tena yule dereva, kwenye kituo chake, akisubiri abiria. Nikampa hesabu: kilomita 60,000 kwa sekunde, shefu angelazimika kukubali kwamba uliona kijani. Akafurahi sana, akawaita wenzake. Nikamwambia angoje, kuna kipande cha pili. Ukishaipita taa, unaikimbia, kwa hiyo kila kitu kinageuka: taa ikiwaka kijani nyuma yako, kwenye kioo chako utaiona nyekundu.

“Hiyo si kitu, prof. Nimeshapita.”

“Na shefu amesimama pale, anaangalia gari lako likiondoka. Zile taa zako za nyuma ni nyekundu, 630. Kwake zimefika 770.”

“Maana yake?”

“Infraruji. Hazionekani.”

Akafikiri. Mwenzake mmoja ndiye aliyeanza kucheka, akimpiga begani: amende (faini) ya kutembea usiku bila taa za nyuma ni nyingine kabisa.